Taasisi ya Usanifu wa Mwingiliano Ivrea

Taasisi ya Usanifu wa Mwingiliano Ivrea ilikuwa chuo kidogo cha masomo ya uzamili katika mji wa Ivrea, kaskazini-magharibi mwa Italia. Ilijulikana zaidi kwa jina lake la Kiingereza, Interaction Design Institute Ivrea. Ilianzishwa kwa fedha za kampuni za Telecom Italia na Olivetti, ikaanza kufundisha mwaka 2001, na mwaka 2005 ikaondoka Ivrea na kuunganishwa na shule ya usanifu ya Domus Academy mjini Milano.

Ingawa ilidumu kwa miaka michache tu, taasisi hii inakumbukwa kama mojawapo ya vyuo vya kwanza duniani kufundisha usanifu wa mwingiliano peke yake katika ngazi ya uzamili. Inakumbukwa pia kwa sababu bodi ya kielektroniki iitwayo Arduino, ambayo leo hutumika katika shule na karakana za nchi nyingi, ilizaliwa hapo. Arduino ilitokana na mradi wa awali ulioitwa Wiring, ambao ulikuwa tasnifu ya mwanafunzi mmoja wa taasisi hiyo. Suala la nani astahili sifa kwa kazi hiyo limeendelea kujadiliwa muda mrefu baada ya taasisi yenyewe kufungwa.

Maana ya usanifu wa mwingiliano

Usanifu wa mwingiliano ni taaluma inayoshughulikia namna mtu anavyotumia kifaa, programu au huduma, na namna kitu hicho kinavyomjibu. Mhandisi huuliza kama mashine inafanya kazi. Msanifu wa mwingiliano huongeza swali lingine: je, mtu anayeitumia anaelewa afanye nini, na baada ya kufanya anajua kilichotokea?

Mfano wa karibu ni mashine ya benki ya kutolea fedha. Ndani yake mna kompyuta, mtandao na sanduku la noti, na sehemu hizo zote ni kazi ya wahandisi. Lakini kuna maamuzi mengine: kadi irudishwe kabla ya fedha au baada yake? Mteja aonyeshwe maneno gani akikosea namba ya siri? Mashine nyingi hurudisha kadi kwanza, kwa sababu mtu akishapata fedha alizozifuata huelekea kuondoka na kuisahau kadi. Uamuzi huo hautokani na umeme wala hesabu, bali na kuzijua tabia za binadamu.

Teknolojia inayotengenezwa kwa kuanza na mahitaji, uwezo na mazingira ya mtumiaji huitwa teknolojia inayomlenga binadamu. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, limeweka kanuni za kazi ya namna hiyo katika kiwango ISO 9241-210, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2010. Kanuni hizo zinataka watumiaji wahusishwe tangu mwanzo wa kazi, na kitu kinachotengenezwa kijaribiwe nao na kurekebishwa tena na tena.

Chimbuko la taaluma

Jina "usanifu wa mwingiliano" lilianza kutumika katika miaka ya 1980 kwa juhudi za wasanifu wawili, Bill Moggridge na Bill Verplank. Moggridge, Mwingereza, alisanifu umbo la GRiD Compass, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kubebeka zenye skrini inayofunikwa juu ya kibodi. Baadaye alieleza kwamba alipoanza kuitumia kompyuta hiyo mwenyewe aligundua kuwa umbo la nje alilolihangaikia sana lilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi. Muda wake mwingi aliutumia akishughulika na yaliyokuwa yakitokea ndani ya skrini, ambayo yeye hakuyasanifu. Verplank, mhandisi wa Marekani, alikuwa amefanya kazi katika kompyuta ya Xerox Star iliyotolewa mwaka 1981, mojawapo ya kompyuta za kwanza kuuzwa zikiwa na madirisha, picha ndogo za mafaili na kipanya.

Katika elimu, hatua kubwa ilipigwa London. Gillian Crampton Smith, aliyekuwa msanifu wa magazeti na majarida, alijitengenezea mwaka 1981 programu ya kompyuta ya kupanga kurasa. Kazi hiyo ilimwonyesha kwamba wasanifu hawapaswi kusubiri programu zilizotengenezwa na watu wasioijua kazi yao. Mwaka 1983 alianza kufundisha katika shule ya sanaa ya St Martin's, na mwaka 1989 akahamia Royal College of Art, ambako alianzisha idara ya uzamili ya usanifu unaohusiana na kompyuta.

Kazi ya mwanafunzi mmoja wa idara hiyo, Durrell Bishop, imekuwa mfano maarufu katika taaluma nzima. Mwaka 1992 Bishop alibuni mashine ya kupokea ujumbe wa simu inayotumia gololi. Kila mtu anapoacha ujumbe, gololi moja inashuka na kukaa kwenye kijia chake. Mwenye nyumba akirudi huona kwa jicho ni watu wangapi wamepiga. Akitaka kusikiliza ujumbe, huiweka gololi kwenye kishimo kimoja. Akitaka kumpigia aliyeuacha, huiweka kwenye kishimo kingine. Hakuna kitabu cha maelekezo kinachohitajika, kwa kuwa mikono ya binadamu inajua tayari namna ya kushika gololi. Mashine hiyo haikuingia sokoni, lakini iliwafundisha wengi kwamba data inaweza kupewa mwili wa kushikika.

Ivrea na kampuni ya Olivetti

Ivrea ni mji mdogo wa mkoa wa Piemonte, kando ya mto Dora Baltea, kaskazini mwa jiji la Torino. Chuo cha namna hii kuwekwa katika mji mdogo badala ya Milano au Roma kunaelezwa na historia ya kampuni ya Olivetti.

Olivetti ilianzishwa Ivrea mwaka 1908 na Camillo Olivetti ili kutengeneza taipureta. Mwanawe, Adriano Olivetti, aliyeiongoza kampuni hiyo hadi kifo chake mwaka 1960, aliamini kwamba kiwanda kina wajibu kwa watu wanaokifanyia kazi na kwa mji unaokizunguka. Chini yake kampuni ilijenga nyumba za wafanyakazi, shule za chekechea, maktaba na huduma za afya. Aliajiri pia wasanifu majengo, wachoraji na waandishi kufanya kazi pamoja na wahandisi.

Bidhaa za Olivetti zilijulikana kwa kuunganisha ufundi na umbo zuri. Taipureta ya Lettera 22, iliyosanifiwa na Marcello Nizzoli na kutolewa mwaka 1950, ilikuwa nyepesi kiasi cha kubebwa mkononi. Mwaka 1959 kampuni ilitoa kompyuta kubwa ya Elea 9003, iliyotengenezwa na kikundi cha wahandisi chini ya Mario Tchou, huku umbo lake likisanifiwa na Ettore Sottsass. Mwaka 1965 ilionyesha Programma 101, mashine ya mezani ya kukokotoa iliyoweza kupangiwa programu, kazi ya kikundi cha Pier Giorgio Perotto. Umbo lake lilisanifiwa na Mario Bellini. Wapo wanaoihesabu kuwa miongoni mwa kompyuta binafsi za kwanza duniani.

Kufikia miaka ya 1990 taipureta zilikuwa zimepitwa na wakati, na viwanda vingi vya Ivrea vilikuwa vimenyamaza. Mwaka 1999 Olivetti ilichukua udhibiti wa kampuni ya simu ya Telecom Italia. Wakati huo simu za mkononi na intaneti vilikuwa vikienea haraka Ulaya, na kampuni za simu zilitafuta huduma mpya ambazo watu wangependa kuzitumia. Katika mazingira hayo ndipo wazo la kuanzisha chuo cha usanifu wa mwingiliano lilipopata fedha.

Kuanzishwa

Taasisi iliundwa kama chombo kisicho cha faida, na Gillian Crampton Smith akaitwa kutoka London kuwa mkurugenzi wake. Wanafunzi wa kwanza walianza masomo mwaka 2001. Makao yalikuwa katika jengo lililojulikana kama Nyumba ya Buluu, ambalo Olivetti ilikuwa imelijenga katika miaka ya 1950 kama kituo cha utafiti, kwa ramani za msanifu majengo Eduardo Vittoria.

Masomo yalitolewa kwa Kiingereza, na wanafunzi walitoka nchi nyingi. Hawakuwa wa fani moja. Baadhi walikuwa wamesomea uchoraji wa vitabu na matangazo, wengine usanifu wa bidhaa, wengine majengo, uhandisi au sayansi ya kompyuta. Mchanganyiko huo ulikusudiwa, kwa sababu usanifu wa mwingiliano unahitaji kuchora, kuandika programu, kuunganisha nyaya na kuwaelewa watu, na ni nadra shahada moja ya kwanza kufundisha yote hayo.

Masomo

Programu ilikuwa ya miaka miwili. Mwaka wa kwanza ulikuwa hasa wa kujifunza stadi za msingi na kufanya miradi mifupi. Mwaka wa pili mwanafunzi alishughulikia tasnifu yake, ambayo haikuwa maandishi peke yake bali ilitakiwa iwe na kitu kilichobuniwa na kutengenezwa.

Miongoni mwa waliofundisha ni Bill Verplank, aliyejulikana kwa kueleza hoja zake kwa michoro ya haraka ubaoni. Katika ufundishaji wake aliyapanga maswali ya taaluma katika makundi matatu. Swali la kwanza ni la kutenda: mtu anakifanyia kitu nini, kwa mfano anabonyeza kitufe au anazungusha usukani? La pili ni la kuhisi: anaona, anasikia na kugusa nini kinachomjulisha kuwa tendo lake limepokelewa? La tatu ni la kujua: ana picha gani akilini kuhusu namna kitu hicho kinavyofanya kazi? Kifaa kikimchanganya mtumiaji, kwa kawaida kasoro hupatikana katika mojawapo ya maswali hayo.

Mwalimu mwingine alikuwa Casey Reas, Mmarekani. Mwaka 2001 yeye na Ben Fry, wakiwa wametoka katika kikundi cha John Maeda huko MIT, walianzisha Processing, lugha na mazingira ya kuandikia programu yaliyokusudiwa wasanii na wasanifu. Anayetumia Processing huandika mistari michache na mara moja huona mchoro kwenye skrini. Massimo Banzi, Mwitalia aliyejiunga na taasisi mwaka 2002, alifundisha kile kilichoitwa kompyuta za kushikika, yaani kutengeneza vifaa vinavyohisi mazingira na kuyajibu.

Msingi wa ufundishaji ulikuwa kutengeneza vielelezo vya majaribio. Kielelezo cha majaribio ni mfano wa kitu ambao haujakamilika, lakini unatosha kumpa mtu autumie ili ionekane anakwama wapi. Kinaweza kuwa cha karatasi, cha mbao au cha programu fupi. Faida yake ni kwamba kosa linagunduliwa mapema, kabla ya fedha nyingi kutumika. Kwa sababu hiyo mwanafunzi anahitaji vifaa anavyoweza kuvitumia haraka, kuviharibu bila hofu na kuanza upya.

Tatizo la vifaa na mradi wa Wiring

Hapo ndipo taasisi ilipokutana na kikwazo. Ili kitu kihisi mwanga au mguso na kujibu kwa sauti au mwendo, huhitaji mikrokontrola. Mikrokontrola ni kompyuta ndogo sana iliyo ndani ya chipu moja. Husoma hali ya vihisio, hufuata programu iliyowekwa ndani yake, kisha huwasha taa, huzungusha mota au hutuma ujumbe. Chipu za aina hiyo zimo ndani ya mashine za kufulia, magari na vidude vya kuchezea watoto.

Chipu hizo zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya wahandisi. Kuzipangia programu kulihitaji vifaa maalumu na ujuzi ambao msanifu wa mabango au wa viti hakuwa nao. Bodi iliyotumika zaidi kufundishia wakati huo, BASIC Stamp, ilikuwa rahisi kiasi, lakini nguvu yake ilikuwa ndogo kwa baadhi ya miradi na bei yake ilikuwa kubwa kwa mwanafunzi.

Mwaka 2003 mwanafunzi kutoka Kolombia, Hernando Barragán, alichagua tatizo hilo kuwa tasnifu yake. Wasimamizi wake walikuwa Massimo Banzi na Casey Reas. Mradi aliuita Wiring. Barragán alichukua mazingira ya Processing, ambayo wanafunzi walikuwa wameyazoea, akayageuza yaweze kutuma programu kwenye bodi ya saketi badala ya kuchora kwenye skrini. Alisanifu bodi yenyewe na akatunga maagizo machache yanayoeleweka: moja la kusema pini fulani ni ya kupokea au ya kutoa, jingine la kusoma hali ya pini, jingine la kuiwasha au kuizima. Mwanafunzi hakulazimika tena kusoma mamia ya kurasa za maelezo ya chipu. Aliandika mistari michache, akabonyeza kitufe, na taa ikawaka.

Tasnifu ilikamilika mwaka 2004. Bodi za Wiring zilitumiwa na wanafunzi wengine wa Ivrea, na mradi ulitolewa kwa utaratibu wa chanzo huria, yaani mtu yeyote aliruhusiwa kuuona, kuutumia na kuubadilisha. Barragán alirudi Kolombia na kuwa mwalimu wa chuo kikuu.

Arduino

Mwaka 2005 Massimo Banzi aliungana na David Cuartielles, mhandisi kutoka Hispania aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Malmö nchini Uswidi, pamoja na David Mellis, mwanafunzi wa Ivrea kutoka Marekani. Walichukua programu za Wiring na kuziwekea bodi nyingine yenye chipu ndogo zaidi, ATmega8, badala ya ATmega128 iliyotumika kwenye Wiring. Lengo lilikuwa kushusha bei zaidi. Baadaye walijiunga na Tom Igoe, mwalimu wa Chuo Kikuu cha New York, na Gianluca Martino, Mwitalia aliyeshughulikia utengenezaji wa bodi.

Jina Arduino lilitoka kwenye baa moja ya Ivrea ambako walizoea kukutana. Baa hiyo ilikuwa na jina la Arduino wa Ivrea, mtawala wa mji huo aliyetawazwa kuwa mfalme wa Italia mwaka 1002.

Kwa majaribio ya kwanza waliagiza bodi tupu 300 na kuzigawa kwa wanafunzi, kila mmoja akitakiwa kusoma maelekezo, kuichomelea bodi yake mwenyewe na kuitumia kwa jambo fulani. Mojawapo ya kazi za mwanzo ilikuwa saa ya kuamshia iliyoning'inia darini kwa waya. Kila aliyelala alipoizima ili aendelee na usingizi, saa ilijivuta juu kidogo, mpaka mwishowe akalazimika kuamka na kusimama ili aifikie.

Kundi hilo liliamua kutoa michoro ya bodi na programu zake bila kuzifunga kwa hataza. Sababu moja ilikuwa imani yao katika chanzo huria. Sababu nyingine ilikuwa hali ya taasisi yenyewe. Fedha zilikuwa zikiisha, na ilihofiwa kwamba taasisi ikifungwa kazi iliyofanyika ndani yake ingepotea au kuzuiliwa. Banzi ameeleza kwamba kuitoa kazi hiyo wazi kulikuwa njia ya kuiokoa. Bodi iliuzwa kwa takriban dola 30 za Marekani, na kwa kuwa michoro ilikuwa wazi, watengenezaji wengine waliweza kutoa nakala zao.

Mjadala kuhusu chimbuko

Arduino ilipoenea, historia yake mara nyingi ilisimuliwa kwa kuanzia mwaka 2005, na jina la Barragán lilitajwa kwa ufupi au halikutajwa kabisa. Yeye hakuwamo katika kundi la Arduino.

Mwaka 2016 Barragán alichapisha maelezo marefu kuhusu mradi wake. Alieleza kwamba sehemu kubwa ya yale yanayoitwa mawazo ya Arduino, yakiwamo mazingira ya kuandikia programu, maagizo yenyewe na lengo la kuwarahisishia watu wasio wahandisi, yalikuwamo katika tasnifu yake. Alieleza pia kwamba Arduino ilipoanzishwa hakualikwa kushiriki.

Kwa upande wao, waanzilishi wa Arduino hawajakana kwamba programu zao zilijengwa juu ya Wiring, na maelezo rasmi ya Arduino yametaja jambo hilo. Wao husisitiza bodi iliyokuwa nafuu zaidi, pamoja na kazi ya kuisambaza na kujenga jumuiya ya watumiaji.

Kisheria, leseni ya chanzo huria iliwaruhusu kuitumia kazi ya Wiring. Kinachobishaniwa ni heshima na kumbukumbu: kazi ya mwanafunzi inapochukuliwa na walimu na wenzake na kukuzwa hadi kuwa maarufu, jina la mwanafunzi huyo liandikwe wapi? Suala hili hutajwa mara kwa mara katika mijadala ya masomo ya uzamili, kwa sababu tasnifu nyingi za fani hii hufanywa kwa ushirikiano wa karibu na wasimamizi. Leseni hutoa ruhusa ya kutumia kazi, lakini haiwezi peke yake kuhakikisha kwamba historia itasimuliwa kwa ukamilifu.

Kufungwa

Taasisi ilitegemea kwa kiasi kikubwa fedha za kampuni iliyoianzisha. Uongozi wa kampuni hiyo ulibadilika mapema. Mwaka 2001, mwaka uleule masomo yalipoanza, udhibiti wa Olivetti na Telecom Italia ulipita kwa wawekezaji wengine walioongozwa na kampuni ya Pirelli. Mwaka 2003 kampuni hizo mbili ziliunganishwa kuwa moja.

Mwaka 2005 programu ilihamishiwa Milano na kuunganishwa na Domus Academy. Taasisi kama chuo kinachojitegemea ikakoma, na Nyumba ya Buluu ikaachwa. Gillian Crampton Smith aliendelea kufundisha usanifu wa mwingiliano katika chuo kikuu cha IUAV mjini Venezia. Mwaka 2014 alipewa tuzo ya mchango wa maisha katika utendaji na jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa mwingiliano wa binadamu na kompyuta, SIGCHI.

Mwaka 2018 UNESCO iliandikisha Ivrea katika orodha ya Urithi wa Dunia kama mji wa viwanda wa karne ya 20. Heshima hiyo ilitolewa kwa ajili ya majengo na mpango wa kijamii wa enzi ya Olivetti.

Urithi

Mchango wa taasisi unaonekana kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni watu. Waliosoma na kufundisha Ivrea walisambaa katika vyuo na kampuni za nchi mbalimbali. Muda mfupi baada ya kufungwa, baadhi yao, akiwemo Simona Maschi, walianzisha nchini Denmark chuo cha Copenhagen Institute of Interaction Design, ambacho kiliendeleza ufundishaji wa aina ileile.

Njia ya pili ni vifaa. Arduino na bodi zilizotokana nayo hutumika katika shule, vyuo vya ufundi na vyuo vikuu duniani kote, Afrika Mashariki ikiwemo. Wanafunzi huzitumia kupima unyevu wa udongo, kufungua milango kwa kadi, kudhibiti pampu za maji au kujifunza tu namna programu inavyoweza kuwasha taa. Maagizo wanayoandika kwa kiasi kikubwa bado ni yale ya tasnifu ya Wiring.

Njia ya tatu ni mfano wa elimu. Taasisi ilionyesha kwamba wasanifu wanaweza kufundishwa umeme na programu bila kugeuzwa wahandisi, mradi vifaa vya kujifunzia visanifiwe kwa ajili yao. Kwa maana hiyo Wiring ilikuwa yenyewe kazi ya usanifu wa mwingiliano: mtumiaji wake alikuwa mwanafunzi, na kikwazo kilichoondolewa kilikuwa kile kilichomkwamisha kila siku darasani.

Masomo ya namna hii leo

Leo usanifu wa mwingiliano na teknolojia inayomlenga binadamu husomwa katika ngazi ya uzamili kwa njia kuu mbili. Ya kwanza hupitia shule za usanifu, kama ile ya Umeå nchini Uswidi. Huko mwombaji kwa kawaida hutakiwa kuonyesha mkusanyiko wa kazi zake, na tathmini hutegemea sana miradi. Ya pili hupitia idara za sayansi ya kompyuta na saikolojia. Mfano ni Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, ambacho kilianzisha taasisi yake ya mwingiliano wa binadamu na kompyuta mwaka 1994. Njia hii hutia mkazo zaidi kwenye mbinu za utafiti, majaribio na takwimu. Vyuo vingi huchanganya njia zote mbili.

Barani Afrika, watafiti wa fani hii walikutana Nairobi, Kenya, mnamo Novemba 2016 katika mkutano wa kwanza wa AfriCHI, ulioandaliwa kwa ajili ya masuala ya mwingiliano wa binadamu na kompyuta barani. Mkutano uliofuata ulifanyika Windhoek, Namibia, mwaka 2018. Miongoni mwa maswali yanayoshughulikiwa na watafiti wa Afrika ni namna ya kusanifu teknolojia kwa watu wanaotumia simu za kawaida, wanaochangia kifaa kimoja, au wanaozungumza lugha ambazo programu nyingi hazijatafsiriwa.